Mgongo wa Mama Pétronille Ukutani

Kwa miaka kumi na tisa Polycarpe alikuwa amepiga picha za watu wa Walikale, na katika miaka hiyo yote hakuna chunusi iliyoingia studio yake ikatoka salama. Studio yenyewe ni chumba cha mbao kando ya barabara kubwa: pazia la buluu, kiti kimoja, taa mbili, na kompyuta inayofanya kazi kwa sola mpaka wingu lipite. Watu humjia kwa picha za kadi, za ubatizo, za ndoa na za marehemu. Kovu la panga, pengo la jino, macho mekundu ya mtu aliyetoka kilioni, vyote aliviondoa kwa utulivu, huku akipiga mluzi. Alizaliwa Nyabiondo, kwenye milima ya maharagwe, na alipoingia huku porini na kamera ya kuazima, watu walimwita mgeni. Siku hizi wanamwita Papa Photo, na ukimwita hivyo ananyoosha shingo kidogo.

Basi ieleweke tangu mwanzo kwamba alipofanya kosa lake kubwa hakulifanya kwa uzembe. Alilifanya kwa ufundi na kwa nia njema, na ndiyo sababu lilimuuma sana.

Kosa lilimwangukia shemeji yake, Mama Pétronille, dada mkubwa wa mke wake Sidonie. Mama Pétronille alikuwa mbebaji. Barabara ya magari ina mwisho wake, na kutoka pale inapoishia, vijiji vya ndani vinalishwa na migongo ya wanawake. Chumvi, sabuni, maharagwe, mafuta, vyote vinaingia kwenye kitunga, kitunga kinakaa mgongoni, na kamba ya gome la mti inapita kwenye paji la uso ili kichwa kiusaidie mgongo. Ni siku mbili kwenda na siku mbili kurudi. Njia ni nyembamba, watu wanafuatana mmoja nyuma ya mwingine. Anayetangulia ndiye anayelowa umande, ndiye anayekutana na nyoka, ndiye anayejaribu kwanza ule mti uliolazwa juu ya mto. Na watu wenye bunduki wakifunga kamba njiani wakitaka chochote, anayetangulia ndiye anayesema nao. Kwa zaidi ya miaka ishirini, aliyetangulia alikuwa Pétronille.

Kamba ilimwachia alama. Wabebaji wote wanayo, lakini yake ilikuwa imezama, mfereji unaong'aa kutoka sikio hadi sikio, nywele za mbele zimerudi nyuma kuipisha.

Mwaka ule ambao mashine za kupigia kura zilifika kwa mara ya kwanza, wanawake wa njia ile waliketi mahali pao pa kupumzikia wakasemezana. Ule mti wa mtoni ulikuwa umewaangusha wawili kati yao katika mvua za mwaka uliotangulia, na wote wawili walizikwa bila mbunge yeyote kuuliza. Mzee wao alikuwa Mama Mapendo, mwanamke mwenye meno manne na maneno elfu.

"Kila mara tunapigia kura bantu benye habajavuka ile muti," alisema Mama Mapendo. "Safari hii tutume mwenye anaivukaka. Pétronille, weye njo utaenda Goma kubaomba daraja."

Pétronille aliposikia kwamba ndiye atakayekwenda, alikataa mara mbili. Mara ya tatu walikataa kunyanyua vitunga vyao mpaka akubali, na kwa kuwa mizigo ilikuwa ya watu, akakubali. Chama kimoja kidogo kilikuwa na nafasi kwenye orodha yake ya wagombea wa bunge la jimbo, linalokaa Goma, wakamwandika.

Kilichobaki kilikuwa picha ya fomu. Alitoka njiani moja kwa moja, akaweka kitunga mlangoni pa studio, akaketi mbele ya pazia la buluu. Taa zilipowaka, Polycarpe aliiona alama ile ikimeta, na moyo wake ukamwonea huruma shemeji. Aliwaza watu wa Goma, wenye mashati yaliyopigwa pasi. Pétronille alipoondoka kwenda kunywa maji, akafungua kompyuta na kuanza kazi. Alipomaliza, paji la Pétronille lilikuwa laini kabisa, paji la mtu ambaye hajawahi kubeba hata mwavuli.

Pétronille alicheka mpaka akashika kiti.

"Sasa uyu ni nani?"

"Ni weye, shemegi. Vile Mungu alikuumbaka."

Nje motari alikuwa tayari amewasha pikipiki kupeleka fomu, hapakuwa na wakati wa maneno mengi. Picha ikaenda.

Wiki chache baadaye kampeni ikaanza, na Walikale ikajaa uso wa Papa Raphaël. Huyu Raphaël, naye mgombea, alikuwa mfanyabiashara mwenye depo na malori, mtu wa mkono mwepesi na sauti kubwa. Uso wake ulikuwa kwenye fulana, kwenye kofia, kwenye vitambaa vilivyofungwa juu ya barabara. Aligawa hata vitenge vya uso wake, na mama akikaa chini alikuwa anamkalia mheshimiwa kabisa, wala mheshimiwa hakulalamika. Pikipiki hamsini zilimtangulia zikipiga honi.

Pétronille alifika studio akamwambia Polycarpe, "Shemegi, nipige afishi ya kubandika kwa ukuta. Lakini unipige mugongo."

Polycarpe alidhani anatania. "Mugongo haifanyake kampanye. Bantu banataka kuona sura."

"Bale bote banijuaka, banijua nyuma. Banatembeaka nyuma yangu miaka yote ile. Ukibaonyesha sura, batauliza natoka wapi."

Alibishana naye asubuhi nzima, na mwanamke aliyezoea kubishana na wenye bunduki hashindwi na mpiga picha. Kesho yake walikwenda njiani na jua la mapema. Polycarpe alipendekeza wajaze kitunga majani makavu ili asichoke bure. Pétronille alimtazama kwa dharau. "Bataona," alisema, akapakia chumvi na sabuni mpaka juu. Akaweka kamba kwenye paji, akainuka, akaanza kutembea, na Polycarpe nyuma yake akihema, akipiga picha.

Picha aliyoichagua ilimshangaza mwenyewe. Hapakuwa na uso hata kidogo. Ulikuwa mgongo ulioinama chini ya kitunga, vigimbi vya miguu vilivyokaza, tope mpaka magotini, na mbele yake njia inaingia msituni. Kwenye kitunga waliandika kwa rangi nyeupe nambari yake, 31. Chini ya picha palikuwa na maneno mawili tu: PÉTRONILLE. MUNANIJUA.

Afishi zilirudi kutoka kwa mchapaji wa Goma zikiwa zimeviringishwa ndani ya plastiki, zikabandikwa asubuhi moja, na kufikia saa sita mji mzima ulikuwa unacheka. Papa Raphaël alisimama juu ya gari lake sokoni na kipaza sauti mkononi.

"Bandugu! Muntu anakuomba kura, na anakupatia mugongo! Sasa akiisha kufika Goma, atakupatia nini?"

Watu walicheka mpaka mishale ya mizani ikasahauliwa. Mama mmoja wa kwaya alimuuliza Sidonie kwa upole kama dada yake ana ugonjwa wa uso. Sidonie alirudi nyumbani, akaweka sufuria chini kwa kishindo.

"Polycarpe, umeniharibia dada! Juu ya nini ulimukubalia?"

Mlangoni pa studio mabishano hayakwisha. Mwalimu mmoja alisema afishi bila uso ni sawa na barua bila jina, haina pa kufika. Fundi viatu wa jirani alimjibu kwamba katika afishi zote za barabara ile ni moja tu inayofanya watu wasimame, na kwamba zile nyuso nyingine zinafanana mno, utadhani ni ndugu wa tumbo moja. Mwalimu akasema kusimama si kupiga kura. Fundi akasema kupita bila kutazama ndiyo kupiga kura? Polycarpe alikuwa ndani, akijifanya anafuta vumbi kwenye lenzi, na hakujua amwamini nani.

Ndipo siku moja akaingia mwanamume kutoka kijiji cha ndani, mkulima mwenye kofia mkononi. Hakutaka picha. Aliomba afishi moja.

"Bibi yangu, mama ya batoto bangu, njo alikuwa wa tatu nyuma yake," alisema. "Ule mwenye alianguka kwa mto. Hii mugongo njo kitu aliangaliaka kila siku. Nataka niiweke kwa nyumba."

Polycarpe alimpa mbili. Yule mtu alipotoka, Polycarpe alikaa kwenye kiti chake cha wateja na akajisikia fahari ambayo hakuna harusi iliyowahi kumpa. Baada ya hapo wabebaji wenyewe walizipeleka afishi ndani, zikiwa juu kabisa ya vitunga ili zisikunjike, na habari zikarudi kwamba huko hakuna mlango usio na mgongo wa Pétronille. Polycarpe akaanza kusema "afishi yangu." Sidonie alisikia, na safari hii hakuweka sufuria chini kwa kishindo.

Siku kumi kabla ya kura, orodha za wagombea zilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya uchaguzi, kila nambari na picha yake, jinsi zitakavyoonekana kwenye mashine. Mama Mapendo alikwenda kuangalia na wenzake saba. Kisha akaja studio, hakusalimia.

"Hayuko."

"Nani hayuko?"

"Pétronille. Tumeangalia yote. Kwa nambari yake iko mama mumoja wa bureau, wa kukaa ofisi. Hatumujui ule mama. Benye kusoma njo batamupata na nambari. Benye habasome batafanya namna gani? Batamutafuta na macho, na macho haitamuona."

Polycarpe alifunga studio akaenda mbio. Watu walikuwa wengi mbele ya ukuta ule, na tayari hukumu ilikuwa imetolewa. Mwalimu alikuwa pale akieleza: si alisema? Wangeonyesha uso mapema, watu wangeuzoea. Mgongo umemponza. Hata fundi viatu alikuwa ameinamisha kichwa. Wabebaji walisimama pembeni, wameshika kamba zao, na hasira yao ilikuwa kwa ule mgongo, maana ndio walioupenda.

Polycarpe aliangalia nambari 31. Alimwona mwanamke mzuri, mwangavu, asiye na historia yoyote. Hakuhitaji kuelezwa. Wabebaji wangemtambua Pétronille hata gizani kwa ile alama ya paji, na ile alama ilikuwa imekufa mkononi mwake.

Na hapa tumseme Polycarpe jinsi alivyokuwa, maana alikuwa mtu, si sanamu. Aliwaza kunyamaza. Lawama ilikuwa imeshapata pa kukaa, kwenye afishi, na afishi ilikuwa wazo la Pétronille mwenyewe. Nani angejua? Akisema, mji mzima utajua kwamba Papa Photo alimfuta shemeji yake mwenyewe. Bibi harusi gani atakaa tena mbele ya pazia lile? Alitembea kutoka ukutani hadi nyumbani kwa Pétronille na wazo hilo, na njia nzima alilipenda. Lakini alimkuta Pétronille uani akishona kitunga chake kilichofumuka, kamba shingoni, na aliponyanyua kichwa jua likaanguka kwenye paji lake.

"Shemegi, si mugongo," alisema Polycarpe. "Ni mimi. Nilifuta alama."

Pétronille aliacha kushona. "Uliifuta juu ya nini?"

"Nilitaka ukuwe muzuri."

Alipitisha kidole kwenye alama yake kutoka sikio hadi sikio, na Polycarpe akatamani apigwe.

"Na bila kufuta, nilikuwaka mubaya?"

Machozi yalimtoka, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, na hakuyaficha.

"Sawa," alisema Pétronille, akarudisha sindano kwenye kitunga. "Ulifuta weye, njo weye utairudisha. Mimi siwezi kwenda kusema nina sura gani."

Asubuhi iliyofuata Polycarpe alibandika karatasi kwenye mlango wa studio, picha mbili upande kwa upande. Ya kwanza, mama wa kwenye mashine. Ya pili, Pétronille na alama yake, ikiwa imepigwa kwa taa ya kando ili mfereji uonekane wote. Chini ya zote mbili, 31. Kisha akachukua megafoni ya kuazima kanisani akaenda kusimama sokoni, palepale Raphaël aliposimama, ila yeye chini, maana hakuwa na gari.

"Bandugu, munanijua! Mimi Papa Photo! Ule mama wa nambari makumi tatu na moja kwa mashine, njo Pétronille! Nilimufuta alama ya kamba! Mimi mwenyewe, na mukono hii! Mungu alimupatia kazi, kazi ikamupatia alama, mimi nikaiiba! Mukiona ule muntu laini, musiogope, njo yeye!"

Soko likalipuka. Walicheka kuliko walivyocheka Raphaël alipokuwa juu ya gari lake. Mtu mmoja alipaza sauti akauliza kama picha ya harusi yake nayo ni ya uongo. "Nayo!" alijibu Polycarpe. "Ulikuwaka na jipu kwa pua!" Bwana harusi wa zamani alishika pua yake, na mkewe akakaa chini kwa kicheko. Papa Raphaël aliposimuliwa alifurahi sana, akasema kampeni ya mwenzake sasa inafanywa na waongo wanaoungama.

Lakini soko halikutosha, waliopotea walikuwa ndani. Polycarpe, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakutembea mbali zaidi ya kanisa, aliingia njiani na wabebaji. Walimweka nyuma ya Mama Mapendo, na safari nzima hakuona kitu ila mgongo wa mtu na kisigino cha mtu. Kwenye ule mti wa mtoni alipita kwa magoti. Hakuna aliyemcheka hapo. Kila kijiji alitoa karatasi yake akaungama upya, na kila mara ilikuwa rahisi kidogo, na watu walimsikiliza kwa makini. Wanawake walisogea, wakapapasa kwa kidole paji la picha ya kwanza, kisha la pili, kisha la kwao wenyewe. Mmoja alimpikia sombe ya majani ya muhogo na kumwambia kwamba hajawahi kumwona mtu wa picha akitembea kwa miguu mbali hivyo kuja kuungama uongo wake. Alirudi Walikale na kucha mbili pungufu.

Siku ya kura mvua ilinyesha. Watu wa ndani walifika katika vituo vyao wakiwa wamelowa, na wanawake walikaa mbele ya mashine muda mrefu, kidole hewani, wakitafuta. Shahidi mmoja wa chama, aliyekaa kituoni kulinda kura, alisimulia baadaye kwamba Mama Mapendo, akiwa amesimama mbele ya mashine, alisikika akiiambia, "Najua njo weye. Usijifiche."

Matokeo yalipobandikwa, mji ulijifunza hesabu mpya. Pale katikati, Pétronille alipata kura za kuhesabu kwa vidole. Katika vituo vya njia ile, zilikuwa nyingi kiasi kwamba walihesabu mara mbili. Papa Raphaël alichaguliwa, bila shaka, fulana hazigawiwi bure. Na kiti cha mwisho kati ya viti kadhaa vya Walikale kikachukuliwa na mbebaji.

Mlangoni pa studio wanabishana mpaka leo. Mwalimu anasema mgongo ulimnyima kura za mji, na kwa uso wa kawaida angeshinda mapema. Fundi viatu anasema bila mgongo hakuna ambaye angembeba Pétronille ndani ya kitunga siku mbili. Wengine wanasema yaliyoshinda ni maungamo ya Papa Photo. Polycarpe anawaacha. Wateja hawakumkimbia, ila sasa kila anayekaa kwenye kiti kile anasema kwanza, kwa ukali, "Papa Photo, usifute kitu," na jipu linatoka studio likiwa zima.

Siku mbili kabla ya kusafiri kwenda Goma, Pétronille alikuja kupigwa picha ya kadi ya ubunge. Alivaa kitenge kipya, na kitambaa cha kichwa kilifungwa chini sana, kinagusa nyusi. Nje wabebaji walikuwa wamekuja kumsindikiza mpaka kwenye gari la kupitia Masisi kwenda Goma, vitunga mgongoni, wamejipanga mstari mmoja kando ya barabara. Mbele ya mstari nafasi ya kwanza ilikuwa wazi.

Polycarpe alirekebisha taa. Aliangalia kwenye kamera, akaacha.

"Shemegi, kitambaa."

"Iache vile." Sauti yake ilikuwa ndogo, na Polycarpe hakuwahi kuisikia hivyo, hata alipokuwa akieleza mambo ya wenye bunduki. "Bale ba kule beko bantu bakubwa. Bataniangalia, batasema mama wa mizigo amefika."

"Njo baseme vile," alisema Polycarpe. "Njo weye. Benye bako nje banangojea ule mama wa mizigo. Ule mwengine habamujui."

Pétronille aliangalia mlangoni, kwenye ule mstari na ile nafasi iliyo wazi. Aliinua mikono yote miwili, akakisogeza kitambaa nyuma polepole mpaka paji lote likawa nje. Kisha akanyoosha shingo, akaitazama kamera kama anavyoitazama njia.

Polycarpe alipiga mara moja. Aliichapa hapohapo, akampa ikiwa bado na joto, na kompyuta hakuigusa.